Wiki ya mama yangu kwenye barabara za Dar

Mama yangu kaja toka Muheza kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia karibu halioni kabisa, la kushoto anaona vya karibu tu. Kwa hiyo wiki hii nimezunguka nae mjini kutwa, siku nyingine na gari yangu ndogo, IST, siku nyingine daladala, na kila usiku nimekuwa naandika kwenye simu niliyoyaona maana nikiyaacha kichwani silali. Mimi naishi Goba, barabara hizi nazipita kila siku na mengi nilishayazoea, ila ukiwa umemshika mkono mzazi wako asiyeona vizuri ndo unajua hawa madereva wa mji huu wanatufanyia nini.

JUMATATU, Goba mpaka Msasani

Kliniki wametuambia tuwahi, tukatoka giza halijaisha vizuri. Barabara ya Goba kushuka Tangi Bovu anayeijua anaijua, njia moja kwenda moja kurudi, vilima, kona, na pembeni sehemu nyingi hakuna pa kutembea pa maana, wanafunzi wanapita kwenye vumbi palepale ukingoni kati ya gari na mtaro. Foleni ilianza mapema tu. Sasa watu wakiona haisogei dakika mbili wanaanza kutanua. Anatoka mmoja kushoto kwenye vumbi, wanamfuata wengine kumi, anatoka mwingine kulia kwenye njia ya wanaopandisha, na yeye anafuatwa, mara unakuta barabara ina mistari mitatu yote inashuka, wanaopandisha wamefungiwa, wa juu hawashuki wa chini hawapandi, foleni ya dakika ishirini imekuwa ya saa nzima na hakuna aliyewahi, hata yule aliyeanza hajawahi popote.

Kushoto kwangu ikapita Prado nyeusi, vimulimuli vya bluu vinawaka mbele, namba za njano kabisa za mtu binafsi, sio ambulance, sio zimamoto, sio polisi. Kulikuwa na watoto watatu wa shule ya msingi wanatembea hapo pembeni na mabegi yao, wakarukia mtaroni. Mmoja alianguka kifudifudi. Prado haikupunguza hata kidogo. Mama akaniuliza, "Mbona umeshtuka, kuna nini?" maana yeye hakuona. Nikamwambia watoto wamerukia mtaroni wasigongwe. Akauliza, "Na huyo dereva kasimama?" Nikamwambia hajasimama mama.

Tuko hodari sana wa kuwasema daladala na bodaboda, na nitawasema huko mbele, ila nendeni mkasimame Goba asubuhi muangalie wanaotanua ni kina nani. Wengi ni sisi wa gari binafsi. Watu wenye AC, wana elimu, wana kazi za kueleweka, wengine wana watoto siti ya nyuma wamevaa sare. Dereva wa daladala jioni anadaiwa hesabu, hela ya siku, na tajiri mwenye gari, hilo angalau ni sababu hata kama ni mbovu. Wewe wa Prado nani anakudai hesabu? Ukichelewa ofisini dakika kumi utanyang'anywa nini mpaka mtoto wa mwenzio arukie mtaroni?

Tulivyoingia Bagamoyo Road kukawa na nafuu mpaka Mwenge. Kwenye taa ni yale ya kila siku, taa ikiwa ya njano ndo watu wanaongeza mwendo, na mbele hapasogei lakini mtu anaingia makutano tu anaziba, taa zinabadilika yuko katikati, upande wa pili wanapiga honi. Msasani tulifika tumechelewa. Mama akapimwa, tukaambiwa turudi Jumatano.

JUMANNE

Mama kapumzika. Gari nimeipeleka kwa fundi, breki za nyuma zinalia na breki sio kitu cha kusema ntafanya wiki ijayo.

Nimempeleka mwanangu shule kwa miguu. Shule yao haina tuta, haina zebra, kuna mlinzi tu mzee anasimama katikati ya barabara na kijibendera chekundu, na nimeona kwa macho yangu mwenye gari anamkwepa yule mzee huku anaongea na simu kaishika sikioni. Kwa spidi ya 60 gari inakata karibu mita 17 kila sekunde, ukiangalia simu sekunde mbili umeshapita mita zaidi ya 30 huangalii mbele, hapo ni kama nusu ya upana wa uwanja wa mpira, na watoto wote wako kwenye hizo mita.

Na inawezekana kurekebisha, hili ndo linaniuma zaidi. Hapahapa Dar kuna shule zilizotengenezewa matuta, njia za miguu na vivuko kwenye programu ya SARSAI ya shirika la Amend, mpaka mwaka 2019 ikapata tuzo ya WRI Ross ya kimataifa ya mambo ya miji. Sio vitu vya gharama kubwa vile, ni tuta, rangi, na mawe ya kuzuia gari isipande wanapopita watoto. Nimeongea na mwalimu mkuu, tunaandika barua kwenda serikali ya mtaa, wazazi tutasaini.

JUMATANO, zebra

Leo mikono yangu bado inatetemeka nikiandika.

Gari iko kwa fundi kwa hiyo tulishuka na bajaji mpaka Bagamoyo Road, inabidi tuvuke ng'ambo kupata daladala za kwenda mjini. Tukasimama kwenye zebra moja upande huu wa Mbezi Beach. Njia mbili kwenda, mbili kurudi. Nimemshika mama mkono, yeye kashika bahasha ya vipimo vyake. Gari zinapita tu, zinapita, hakuna anayepunguza, zebra kwao ni mapambo ya lami. Kuna kijana alikuwa anauza maji pembeni akaniambia "Dada hapa usisubiri wasimame, subiri pawe peupe ukimbie." Namkimbiza vipi bibi wa miaka sabini asiyeona?

Mwisho akasimama mtu mmoja, dereva wa lori la mchanga, njia ya karibu na sisi. Kasimama vizuri kabisa nyuma ya mstari, akatuonyesha kwa mkono tupite. Tukaingia. Lori ni refu, limetukinga, hatuoni njia ya pili na wa njia ya pili hatuoni sisi. Tulivyofika kwenye pua ya lori nikatanguliza kichwa kuchungulia na hapohapo Harrier ikapita, sijui ilikuwa 80 sijui 90, nikamvuta mama nyuma kwa kanga yake kwa nguvu zangu zote mpaka akaangukia kwenye bampa la lori, bahasha ikamponyoka, ikakanyagwa na gari iliyofuata nyuma ya Harrier. Maana hata huyo wa nyuma nae hakusimama!

Yule dereva wa lori alifanya kitu ambacho nitamuombea dua maisha yangu yote. Alisogeza lori taratibu akalikalisha mshazari, akafunga njia zote mbili, akashuka, nyuma honi zinalia kama harusi, yeye hajali. Akaokota bahasha, akamshika mama mkono wa pili, "Shikamoo mama, pole sana, twende, nimeshawafungia." Katuvusha mpaka katikati kwenye ukingo, akasimamisha na zile za upande wa pili kwa mkono, tukamaliza. Sikupata hata muda wa kumuuliza jina.

Sasa nataka niseme hili polepole kila mtu anielewe. Mwenzako akisimama kwenye zebra hajaharibikiwa gari, hajalala, hapigi stori. Kuna mtu anavuka mbele yake ambaye wewe humuoni. Ukimpita pembeni hapo unaenda kuua. Sheria ya Usalama Barabarani ipo toka mwaka 1973, kwenye makazi ya watu mwisho ni 50, kwenye zebra unasimama, na wala hazihitaji shule hizo. Shirika la Afya Duniani wanaandika kwamba gari ikimgonga mtu kwa spidi ya 65 hatari ya kumuua ni mara 4.5 ya ile ya spidi ya 50. Yani hizo 15 unazoongeza kati ya taa na taa, ambazo zinakufikisha kwenye foleni inayofuata ukae palepale na uliowapita, ndo zinaamua kama mtu atavunjika mguu au atazikwa.

Na barabara zetu zinavyopanuliwa mambo yanazidi kuwa hivi. Angalia Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha, njia nane, nzuri, nafurahi nikiipita na gari. Ila kila njia inayoongezeka ni njia moja zaidi ya kuvuka kwa anayetembea, na ni nafasi moja zaidi ya mtu kumpita aliyesimama. Mimi mwenyewe nikisimama zebra napigiwa honi, napigiwa taa, "we mama umelala?", wanadhani sababu ni mwanamke sijui kuendesha. Nitaendelea kusimama. Ninachofanya siku zote nawasha taa za hazadi mapema na natoa mkono dirishani, wa nyuma wapate kujua.

Mama alipimwa tena, macho yanafaa kufanyiwa upasuaji, tarehe wametupa. Kuhusu zebra hajasema kitu mchana wote. Usiku wakati wa kula ndo akauliza, "Wasiokuwa na mtu wa kuwashika mkono wanavukaje?"

ALHAMISI, Simu 2000 mpaka Gongo la Mboto

Kwenda kumsalimia mama mdogo. Tulipanda daladala ya Kosta, tukakaa siti ya mbele na dereva, mama dirishani mimi katikati. Mandela Road ni malori ya bandarini mwanzo mwisho, foleni ikatukamata kabla ya Tabata. Dereva kijana tu, ana adabu, alimuamkia mama vizuri. Ila haikuchukua muda akakata kushoto, akapanda pembeni kwenye wauza mihogo na watu wanaotembea, honi mfululizo.

Kilichonishangaza ni abiria. Wanashangilia! "Twende suka!" "Tanua baba, tanua!" Konda nae anapiga bodi, ngo ngo ngo. Watu wazima, wamama wana watoto mapajani. Siku gari likipinduka haohao ndo watasema dereva alikuwa mwendo kasi, na ni wao walikuwa wanamsukuma.

Mama akamgeukia dereva. "Mwanangu, rudi barabarani. Huko pembeni kuna watu wanatembea, mimi siwaoni ila nawasikia wanavyokukimbia." Hakupaza sauti. Yule kijana akanyamaza, akawasha indiketa, akarudi kwenye foleni. Nyuma wakaanza, "Ah suka vipi, unamsikiliza bibi?" konda anamwambia "Bi mkubwa tulia tufike." Dereva akawajibu wote, "Mama kaongea, tulieni."

Basi mpaka tunapita Buguruni na kukata kulia pale chini ya daraja la Mfugale tulikuwa tunaongea. Anasema yeye ni deiwaka, gari sio yake wala zamu sio yake, mwenye zamu yake kapumzika kampa siku mbili. Jioni kuna hesabu ya tajiri, mafuta, konda, kinachobaki ndo chake, na foleni ikimla ruti moja basi kinachobaki ni nauli ya kurudia nyumbani. "Mama mi napenda kweli nikae kwenye laini, ila nikikaa wenzangu wananipita wanabeba abiria wangu wa vituo vyote vya mbele." Namuelewa, na naamini wamiliki wa daladala wana mkono kwenye hivi vifo, kwa sababu dereva asiye na mkataba wala mshahara umemwambia kwa vitendo kwamba kila dakika ya foleni inatoka mfukoni mwake. Wakiajiriwa kwa mshahara nusu ya huku kutanua kutaisha, hilo naamini kabisa. Ila nilimwambia na hili, mama muuza mihogo nae ana hesabu yake, na yeye hana bampa.

Akasema kweli dada. Tukashuka salama.

IJUMAA, Kimara mpaka Kariakoo

Mama anataka vitenge na mabeseni ya kupeleka zawadi Muheza. Tukapanda mwendokasi Kimara. Toka haya mabasi yaanze mwaka 2016 mimi naona ndo usafiri ambao mama anaweza kukaa akatulia, njia yake peke yake, halichomekei mtu. Tatizo ni wanaoingia humo ambao hawahusiki. Bodaboda wanapita njia ya mwendokasi kama yao, tena wanakuja kinyume, basi linashuka Magomeni na pikipiki inapanda uso kwa uso na abiria wawili mshikaki, hakuna kofia hata moja.

Kariakoo kushuka kituoni ukavuka ni shida nyingine. Tumefundishwa toka wadogo angalia kulia, kushoto, kulia tena. Leo ukiangalia kulia boda anatoka kushoto kwa sababu kaona kuzunguka ni mbali. Alimpiga mama begani na kioo chake. Sio sana, bega limechubuka, ila mtu wa umri wake akianguka nyonga ndo basi tena. Boda alisimama, sina budi kusema ukweli, akaomba msamaha, kijana mdogo kabisa. Pikipiki ya mkataba, kila siku anapeleka hela ya mwenye pikipiki mpaka siku imalizike iwe yake. Kwenye bajeti ya 2021/22 boda na bajaji walipunguziwa faini toka elfu 30 mpaka elfu 10 na wakati ule nilifurahi kwa niaba yao, kwa sababu elfu 30 kwa boda ni kazi ya siku kadhaa. Bado nafurahi. Ila ningependa na wao wakumbuke kwamba walihurumiwa.

Trafiki alikuwa upande wa pili wa barabara, anakagua leseni na stika za gari zilizosimama. Zinazotembea vibaya zinapita nyuma ya mgongo wake.

JUMAMOSI

Gari imetoka kwa fundi. Tumeshinda nyumbani, mama anakunja vitenge.

JUMAPILI, Tabata mpaka Kigamboni

Leo ndo imekuwa ngumu kuliko zote na haikuwa na mtu nisiyemjua.

Dada yangu anaishi Tabata, shemeji akasema anatutoa out wote, mama na watoto, twende Kigamboni baharini. Shemeji ni mtu mzuri, narudia, mtu mzuri, kamsomesha mdogo wetu, mama akiumwa yeye ndo wa kwanza kutuma hela. Ana gari kubwa ya siti saba. Tukapanda wote, watoto nyuma hakuna aliyefungwa mkanda, mimi nikawafunga.

Mandela Road Jumapili haina foleni kwa hiyo akafungulia. Simu iko mkononi, anasoma meseji za grupu la kazini huku anaovateki malori. Kushoto, kulia, kushoto, bila indiketa. Nikamwambia, "Shemeji, punguza kidogo, mama yuko ndani." Akacheka, "Usiogope shem, hii gari iko stebo." Dada anaangalia dirishani. Tumepita Uhasibu, kukaribia daraja foleni ikaanza, watu wote wanaenda baharini, na shemeji bila kufikiria mara mbili akakata kushoto akatanua. Pembeni kule kulikuwa na watu wametoka kanisani, wamevaa vizuri, wanatembea na watoto wao. Wakatawanyika.

Nikamuangalia mama. Huyu ndo yule aliyemwambia dereva wa daladala asiyemjua arudi barabarani. Leo kimya, kainamisha kichwa, anashika ushungi wake. Kwetu mama mkwe hamkaripii mkwe, atakaa hivyohivyo mpaka mwisho wa safari ndo heshima. Nikajua kama ni kusema nitasema mimi.

Nikamwambia, "Shemeji simama. Mimi na mama tunashuka." Akadhani natania. Nikarudia. Dada akasema "We nae unatuaibisha kwenye siku ya watu." Nikasema naaibika zaidi kumkimbiza mtoto wa mtu na ushungi wake mpya ili mimi nikaoge baharini. Nikamueleza ya Jumatano, lori, Harrier, bahasha, mama alivyoangukia bampa. Hakuna aliyekuwa anajua, sikuwa nimewaambia. Shemeji akasimama, hakujibu. Tukashuka, nikachukua bajaji, tukavuka daraja nayo taratibu, mama kanishika mkono njia nzima. Tuliwakuta baharini, tukala samaki pamoja, watoto wakaogelea, watu wakaongea mambo mengine. Kurudi tulirudi na daladala.

Usiku shemeji kanipigia. Anasema nimemvunjia heshima mbele ya mkwe wake na watoto wake, kama nilikuwa na neno ningemvuta pembeni. Nikamwambia samahani kwa sehemu ya mbele ya watu, lakini kule pembeni alikokuwa anapita hakukuwa na nafasi ya kumvuta mtu pembeni. Kanyamaza sana, akasema ataangalia. Nikamwambia mpaka nione, mimi na mama hatupandi, na wanangu hawapandi. Wapwa zangu wakitaka kuja Goba nitawafuata mwenyewe na IST, nitawafunga mikanda na tutakaa kwenye foleni mpaka iishe. Dada bado kanuna, hajajibu meseji zangu. Siku ya upasuaji alisema atatupeleka shemeji, nimeshamtumia kwamba asijisumbue, tutaenda na gari yangu, tutatoka saa kumi na moja alfajiri.